Mguu wa Panya si Goti la Nkambo

Siku moja nendeni katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, wala msiende kununua kitu. Simameni tu mbele ya wale wanaouza dawa za miti. Mtaona mizizi iliyofungwa kwa kamba, magome yaliyokatwa vipande vipande, unga mwekundu na unga mweusi katika makopo, na chupa za maji ya kahawia zilizopangwa mstari mmoja. Kisha mtamwona nkambo mmoja anafika polepole, anaegemea fimbo yake.

— Mwanangu, magoti yananikataa. Yamevimba, na usiku yanawaka moto.

— Twaa hii, nkambo. Kikombe kimoja asubuhi, kikombe kimoja mangaribi.

— Ni dawa kweli?

— Ni dawa ya kweli kabisa. Imepimwa chuo kikuu!

Nkambo anafungua fundo la kitambaa chake, anahesabu faranga, anakwenda zake. Basi, juu ya neno lile moja, "imepimwa", nataka kusema leo. Ni neno zuri, lakini linatumiwa vibaya, na wanaolitumia vibaya si wauzaji peke yao.

Sisemi kwamba muuzaji yule ni mwongo. Yawezekana kabisa kwamba mwanafunzi alifika kwake na daftari, akanunua mizizi, akarudi chuoni, akaandika kitabu chake cha kumaliza masomo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha elimu ya dawa, na walimu na wanafunzi wake wamezunguka masokoni na kwa waganga wa kienyeji, wakiandika majina ya miti na matumizi yake. Kazi hiyo ni njema, nami naisifu. Lakini kutoka daftari la mwanafunzi hata goti la nkambo ni safari ndefu. Mara nyingi tunaikatiza njiani, kisha tunapiga vigelegele kana kwamba tumefika.

KWA WALE WANAOCHEKA

Nianze na watu waliosoma, ambao wakisikia habari ya dawa ya miti wanacheka. "Mambo ya kishenzi hayo," wasema. Wamisioni wengi wa zamani nao walisema hivyo. Walimtia mchimba mizizi na mchawi katika kapu moja. Kwa kosa hilo elimu nyingi ilifichwa, na nyingine ilizikwa pamoja na wenyewe.

Hebu tuwaulize hao wanaocheka: kile kidonge cha aspirini mnachokimeza kichwa kikiwauma, asili yake ni wapi? Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, jina lake Edward Stone, aliwaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London. Alikuwa ameonja gome la mti wa jamii ya Salix, umeao penye majimaji huko Ulaya, akaliona ni chungu kama gome la kwinini. Alilikausha zaidi ya miezi 3, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa wapatao 50. Mwaka 1828 Johann Buchner, Mjerumani, akatoa katika gome hilo kitu kichungu cha rangi ya manjano, akakiita salisini. Mwaka 1897 Felix Hoffmann akatengeneza aspirini safi katika kiwanda cha Bayer, na mwaka 1899 ikaanza kuuzwa. Tena ilipita miaka mingi kabla mtu hajajua inafanyaje kazi mwilini: ni John Vane aliyelieleza jambo hilo, mwaka 1971. Hesabuni wenyewe. Tangu barua ya kasisi mpaka kidonge, miaka 136. Mpaka maelezo, miaka 208.

Angalieni vema kasisi yule alifanya nini. Hakusema, "Watu wa kijiji wanalitumia gome hili, yatosha." Aliandika kipimo alichotoa na saa za kukitoa. Aliandika wale waliopona, tena aliandika wale ambao gome halikuwafaa sana. Hata mtu asiye na maabara aweza kupima, akiwa na daftari na moyo mnyofu.

Nasi hapa Katanga hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mti wa namna hiyo. Katika pori letu la miombo uko mti mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau, yenye harufu nzuri. Matunda yake yana bawa moja. Wataalamu wauita Securidaca longepedunculata. Ukichimba mzizi wake na kuukwaruza, utasikia harufu kali: ile ile ya dawa ya kupaka misuli tunayonunua katika famasi. Wala si bahati tu. Mzizi huo una methili salisilati, ndugu wa damu wa aspirini, na ndiyo inayotiwa katika dawa nyingi za kupaka. Basi mzee wa kijiji aliyechua mgongo wa mwenzake kwa mzizi ule hakuwa mjinga. Aliona kitu cha kweli kabla ya Bayer haijazaliwa.

Enyi mnaocheka, mnacheka nini basi?

KWA WALE WASEMAO "MABABU WALIKWISHA PIMA"

Sasa nawageukia wengine, maana najua wameanza kufurahi. Hao ndio wasemao, "Si unaona? Mababu walikwisha pima. Mambo ya maabara ni ya wazungu. Mti ni mti, hauna madhara."

Ndugu zangu, huo mzizi nilioutaja unaua. Katika nchi nyingi za Afrika unajulikana kuwa dawa, na katika nchi hizo hizo unajulikana kuwa sumu. Hata methili salisilati peke yake, ikiwa safi, kijiko kimoja cha chai chaweza kumwua mtoto mdogo. Mababu walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Kwa sababu hiyo mganga wa zamani hakuuza chupa kwa mpita njia. Alimjua mgonjwa, alijua mama yake, alimpa kidogo kwa mkono wake, akarudi kesho yake kumtazama. Leo dawa imetiwa katika chupa ya plastiki, imepanda gari, imeshuka sokoni, na anayeiuza hamjui anayeinywa. Mmechukua dawa ya mababu, lakini uangalifu wao mmeuacha kijijini. Je, huko ndiko kuwaheshimu?

Tena kuna mambo ambayo mababu hawakuweza kuyaona hata wangekuwa na macho 10. Mtu akinywa dawa jioni akafa alfajiri, kijiji kizima hujua. Lakini mtu akinywa dawa mwaka mzima, figo zake zikaharibika kidogo kidogo, akafa mwaka wa tatu, nani atasema kwamba ni ile dawa? Watasema amelogwa. Ubaya wa dawa nyingi za kuzima uvimbe ni wa namna hiyo hiyo. Vane alituonyesha sababu yake: aspirini huzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini. Vitu hivyo huleta maumivu na uvimbe gotini. Lakini ndivyo pia vinavyolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia figo. Kwa hiyo dawa inayozima moto wa goti yaweza kuwasha moto mwingine tumboni. Mgonjwa anaona choo cheusi kama lami, hajui kwamba ni damu. Anaendelea kunywa, maana goti limepoa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi watu wa Lubumbashi hasa. Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka 1911 tanuru liliwashwa. Kwa miaka mingi bomba lile kubwa lilitoa moshi, na upepo ukaumwaga juu ya ardhi. Kule Penga Penga mahali pengi miti ilikufa, udongo ukabaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu chetu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamepima udongo wa sehemu hizo, wakakuta shaba, zinki, risasi, kadimi na aseniki kupita kiasi. Wamepima hata mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta madini humo. Mmea unakula katika udongo. Mwenye kuchimba mzizi karibu na mji, kwa sababu pori la mbali limekatwa lote kwa ajili ya makala, anachimba dawa au anachimba risasi? Babu yake alichimba mzizi wa jina hilo hilo, lakini hakuchimba katika udongo huo. Pima ya babu haiwezi kufaa kwa udongo ambao babu hakuujua.

Liko na jambo baya zaidi. Katika nchi mbalimbali imevumbuliwa kwamba wauzaji wengine wenye tamaa husaga vidonge vya hospitali, deksamethasoni au diklofenaki, na kuvichanganya katika unga wa miti. Mgonjwa anapata nafuu siku ya pili, anamsifu mganga. Baada ya miezi uso umevimba kama mwezi, sukari imepanda katika damu, mifupa imedhoofika. Ni maabara peke yake iwezayo kuyagundua hayo, ulimi wa mnunuzi hauwezi. Mganga mnyofu angekuwa wa kwanza kuomba dawa yake ipimwe, ili watu wamtofautishe na mwizi.

MGUU WA PANYA

Basi tuingie maabara, tuone kazi inavyofanywa. Mrumi Celsus, karibu miaka 2000 iliyopita, aliandika dalili 4 za mwili unaowaka hivi: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Ili kujua kama dawa yaweza kuzima moto huo, wataalamu wengi hufuata njia iliyoandikwa na Winter na wenzake mwaka 1962. Panya anadungwa katika wayo wa nyuma maji yenye karagenani, unga utokanao na mwani wa bahari, jamaa ya ule mwani ambao akina mama wa Zanzibar huulima pwani. Wayo unavimba kwa saa chache. Kundi la kwanza la panya limepewa maji matupu, la pili dawa inayojulikana, la tatu dawa ya mti. Kila baada ya muda wayo unapimwa. Ukiona nyayo za kundi la tatu hazikuvimba kama za kundi la kwanza, umejua kwamba mti ule una nguvu fulani. Mahali pengine pasipo na panya hutumia ute wa yai: huupasha moto na kutazama kama dawa yauzuia usigande.

Njia hiyo siidharau. Ni mlango wa kuingilia. Lakini mlango si nyumba, wasomaji wangu, na hapa ndipo ugomvi wangu na mabwana wa maabara unapoanza.

Kwanza, wayo wa panya ulivimba kwa saa chache, kwa sindano. Goti la nkambo limevimba miaka 10, kwa uzee na kwa kubeba ndoo za maji. Kilichoshinda uvimbe wa asubuhi moja hakijashinda uvimbe wa maisha.

Pili, ni dawa gani hasa mliyompa panya? Maabara nyingi hukamua mizizi kwa methanoli au kwa alkoholi. Nkambo huchemsha kwa maji. Hizo ni dawa mbili, hata kama mzizi ni mmoja. Kumbukeni Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ajili ya dawa ya malaria itokayo katika Artemisia annua. Alipotumia moto, nguvu ya mmea ilipotea. Alisoma tena kitabu cha kale cha waganga wa kwao, akaona kwamba kilisema kuloweka majani katika maji na kuyakamua, wala hakikutaja kuchemsha. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokamua dawa bila joto kali, akafaulu. Namna ya kutengeneza ni nusu ya dawa. Anayempa panya methanoli kisha akamwachia nkambo aamini chungu chake, hakupima dawa ya nkambo.

Tatu, kipimo. Tuseme panya alipewa miligramu 400 za dawa kavu kwa kila kilo ya uzito wake. Nkambo ana kilo 60. Ukizidisha tu, utapata gramu 24. Lakini mwili wa panya huimaliza dawa upesi kuliko wetu, kwa hiyo wataalamu hugawa kwa 6 hivi: gramu 4. Tena tuseme gramu 10 za mizizi mikavu zatoa gramu 1 ya dawa kavu. Basi nkambo ahitaji mizizi ya gramu 40 kwa siku. Je, kikombe cha sokoni kina gramu ngapi? Kina 4? Kina 40? Kina 100? Muuzaji hajui, nkambo hajui, na aliyeandika kitabu hakwenda kuuliza.

Nne, panya aliishi siku ngapi baada ya kupimwa? Ini lake lilitazamwa? Figo zake? Nguvu ya dawa inapimwa kwa siku moja. Usalama wake unadai miezi.

Wala msidhani kwamba natukana Afrika. Dawa iitwayo Vioxx, ya uvimbe na maumivu ya viungo, ilianza kuuzwa mwaka 1999 na kampuni kubwa ya Marekani, yenye maabara na fedha kuliko nchi nyingi. Mwaka 2004 iliondolewa sokoni, kwa sababu ilionekana inaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kama dawa iliyopimwa kwa maelfu ya watu iliweza kudanganya hivyo, itakuwaje dawa iliyopimwa kwa nyayo chache za panya?

WANAOCHUKUA BILA KURUDISHA

Ubaya unaoniuma kuliko yote ni huu. Mwanafunzi au mwalimu anafika kwa mganga, anakaribishwa kiti, anapewa jina la mti, mahali unapoota, sehemu inayotumika, namna ya kuitengeneza. Anaondoka. Miezi inapita, anaandika kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, anapata cheo chake. Mganga hapati hata karatasi moja. Mti ukionekana hauna nguvu, haambiwi, anaendelea kuuuza. Ukionekana una sumu, haambiwi, anaendelea kuuuza! Je, hiyo ni elimu, au ni kuvuna shamba la mtu usiku?

Twajua mwisho wa njia hiyo. Tazameni Prunus africana, mti wa milima ya Kivu, Kameruni na Kenya. Kwa miaka mingi gome lake limepelekwa Ulaya kutengenezewa dawa ya wanaume wazee wanaopata taabu ya kukojoa. Miti ilichunwa hata mwaka 1995 ikalazimu biashara yake iwekwe chini ya sheria ya mataifa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao nchi yetu imo, wasema kwamba faida itokayo katika mimea na elimu ya wenyeji igawanywe kwa haki. Lakini mkataba ulioko katika kabati hauwezi kumlinda mzee wa kijiji ambaye hakuusikia kamwe.

Waganga nao wasijitakase mno. Wengi huficha majina, huchanganya miti 7 ili mwenzao asijue, na hukataa kusema nani alizidiwa baada ya kunywa. Siri ni haki ya mwenye mali. Lakini mtu anayetaka dawa yake iitwe "imepimwa" hawezi kumfungia mlango mpimaji.

BASI TUFANYE NINI?

Siombi majumba ya fahari. Naomba kazi imalizwe kwa taratibu yake. Mti ujulikane kwanza kwa hakika, maana jina moja la kienyeji huitwa miti miwili au mitatu; majani yake yakaushwe na kuhifadhiwa, ili kesho mwingine aweze kuyatazama. Udongo ulikochimbwa ujulikane, na madini yapimwe. Dawa ipimwe kama inavyonywewa: kwa maji, kwa chungu, kwa kikombe. Baada ya wayo wa panya, ini na figo zitazamwe kwa miezi. Na mti ukivuka hatua hizo zote, ndipo upelekwe kwa watu wenyewe, kwa ruhusa yao, wakielezwa kwa lugha yao: nusu wapate dawa ya mti, nusu wapate dawa ya hospitali, wala mgonjwa wala daktari asijue nani amepewa ipi mpaka hesabu ifungwe.

Tena, jawabu lirudi sokoni. Liwe jema au baya, lirudi kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya yule aliyetoa mzizi. Mwalimu asiyerudisha jawabu asiruhusiwe kwenda kuuliza mara ya pili. Na mpaka hapo, pasiwe na mtu wa kuandika juu ya chupa kwamba dawa imepimwa.

Najua mtaniambia kwamba fedha hakuna. Kweli, miti yote hatuwezi kuipima. Basi tuchague 3 tu, ile inayouzwa sana kwa magoti na migongo, tuipime mpaka mwisho. Miti 3 iliyopimwa mpaka mwisho itamfaa nkambo kuliko miti 300 iliyoachwa katika wayo wa panya.

Nkambo aliuliza swali moja tu pale sokoni: "Ni dawa kweli?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoyasikia chuoni, na bado hajajibiwa. Siku moja muuzaji atamjibu hivi: "Nkambo, hii ilipimwa kwa watu. Kipimo chake ni hiki. Usiinywe kupita siku 10. Ukiona choo cheusi, iache, kimbilia hospitali." Siku hiyo mimi nami nitafungua fundo la kitambaa changu, ninunue chupa.